Kiti cha Mama Kwenye Bampa

Kuna harufu moja ambayo nikiinusa hata leo, miguu yangu husimama yenyewe. Ni harufu ya karbure, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea huyatia maji ndani ya tangi ili yatoe gesi ya kuwashia moto wao. Inanuka kama kitunguu saumu kilichosahauliwa ndani ya kopo lililofungwa. Watu wengine huziba pua. Mimi hupunguza mwendo, nikapita karibu na karakana ya mtu nisiyemjua kana kwamba nina shughuli hapo, na kwa muda mfupi ninarudi kwenye kiwanja chetu cha mtaa wa Annexe, huko Katanga, asubuhi za kiangazi, wakati baridi ilikuwa bado imelala juu ya mabati na vumbi jekundu halijaamka. Upande mmoja palikuwa na nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na baraza. Upande wa pili palikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba, ambacho hakuna aliyefikiria kukibomoa kwa sababu kilikuwapo kabla yetu sote. Baba aliegemeza juu yake milango na boneti zilizosubiri rangi. Katikati, kati ya nyumba na kichuguu, lilisimama gari letu.

Baba alikuwa tolie, fundi wa kunyoosha mabati ya magari yaliyogongwa. Alisema maneno machache, na bati alilipima kwa ncha za vidole huku amefumba macho, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Gari letu lilikuwa limeanza maisha yake kama taksi ya kaka yake mkubwa, na lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Lilikuwa na rangi ya maziwa, mabega ya mviringo na taa za duara. Baba aliambiwa kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya nchi ya mbali ambayo sheria yake ilitaka mabampa makubwa, na ndiyo maana bampa lake la mbele, parshoki kama tulivyosema, lilijitokeza kama mdomo wa mtu anayelalamika. Lilikuwa na upana wa shubiri nzima, limevishwa mpira mweusi, na juu yake zilisimama pembe mbili fupi za chuma.

Kati ya zile pembe mbili ndipo Mama alipokaa. Hakuna aliyepapanga kuwa kiti chake, palimtosha tu. Alasiri, kazi za jikoni zilipopungua, alikuja na ungo wake wa karanga, akakaa juu ya mpira ule mweusi, akamenya huku akimtazama Baba akifanya kazi. Mimi nilikaa chini, kichwa kati ya magoti yake, akinisuka. Mkononi alivaa bangili ya shaba nene kama kidole changu cha mwisho, na kila alipotaka kusema jambo aligonga nayo chuma cha bampa mara mbili, ngo, ngo, ili Baba aache kupiga nyundo na kusikiliza.

"Papa Mado," alisema, maana Mado ndilo jina langu, "ule mulango iko na tumbo bado."

"Ngoja," Baba alijibu bila kuinua kichwa. "Itazaa kesho."

Mama alikufa mvua zilipokuwa zikiisha, kwa ugonjwa wa siku chache. Sitaandika juu ya siku hizo. Nitaandika juu ya bampa, kwa sababu bampa ninaliweza.

Baada ya msiba, watu waliendelea kuja karakana, na kila aliyekuja alikaa pale. Hawakuwa na nia mbaya. Chuma kile kilikuwa mahali pazuri pa kukaa. Mteja alikaa akisoma karatasi zake, mpita njia alikaa akifunga kamba ya kiatu, mwuza mikate alikaa, akashusha kapu lake, akasema, "Papa Mado, iyi gari yako iko na salon mbele, ya kupokelea bageni." Watu walicheka. Niliona Baba ameshika nyundo bila kuitumia. Kesho yake asubuhi alileta funguo zake za spana, akapiga magoti mbele ya gari, na kuanza kulifungua bampa.

Nilimwuliza anafanya nini. Akasema, "Nataka liwe safi. Laini moja tu, toka huku mpaka kule." Akanionyesha kwa kiganja, akikipitisha hewani mbele ya gari polepole. Ilikuwa kiangazi cha mwaka ule, na mwisho wa kiangazi watu wa upande wa Mama walikuwa waje kutoka kaskazini kumtoa Baba kilio, yaani kumfungulia msiba. Nilijua kwamba siku hiyo kila kitu kilipaswa kuwa kimefagiliwa na kupangwa. Nikafikiri: basi na Mama anafagiliwa. Sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilimchukia Baba kwa ukimya kamili, nikimpelekea maji ya kunawa kila mchana.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri kuitazama, na sitaki kudanganya kwamba sikuitazama. Alivua mpira mweusi, akatoa zile pembe mbili. Alikata katoni ya sukari iwe umbo la pua ya gari, akailaza na kuichora upya mara nyingi hadi ikakaa sawa kama ngozi. Mikono miwili ya chuma iliyolishikilia bampa aliifupisha, ili bampa lirudi nyuma likumbatie mwili. Lakini liliporudi nyuma, ncha zake ziliuma mabega ya gari, ikabidi azikate pembeni upana wa dole gumba, kisha kuziunganisha tena. Kazi ya moto ilifanywa na Ya Seba, yaani kaka Seba, mchomeleaji aliyefanya naye miaka mingi, mtu mwembamba aliyekuwa akizungumza hata na vyuma. Nikeli ya zamani ilikuwa inabambuka, na mjini kwetu hapakuwa na wa kuirudisha, kwa hiyo Baba aliamua bampa lipakwe rangi ile ile ya mwili wa gari. Yakabaki matundu matatu, mawili ya zile pembe na moja la kibao cha namba. Hayo yalitakiwa kuzibwa.

Siku ya kuziba, Baba alikwenda mjini kutafuta rangi. Ya Seba aliziba nusu ya tundu la kwanza, fimbo yake ya shaba ya kuyeyusha ikaisha. Alitazama huku na huku. "Nikipata kashaba kadogo tu," alisema, akiliambia tangi la karbure kuliko mimi, "hii kazi inaisha saa hii."

Niliingia ndani. Chini ya kitanda cha Baba palikuwa na bati la biskuti ambamo aliweka kitambulisho cha Mama, kitana chake na bangili yake. Niliichukua bangili. Ilikuwa baridi. Nikatoka nayo na kumpa Ya Seba.

Aliigeuza kwenye mwanga. "Iyi ni kitu ya bakubwa, Mado. Papa amesema?"

"Amesema," nikajibu.

Huo ndio uongo wangu. Niliusema bila kumeza mate. Nilikuwa nimewaza kwamba kama bampa lazima liwe safi, na Mama lazima atoke juu yake, basi aingie ndani yake, mahali ambapo hakuna msasa wa kumfikia. Ya Seba aliikata bangili vipande vitatu kwa patasi. Moto wa buluu uliilamba, shaba ikawa nyekundu, kisha ya machungwa, kisha ikawa maji mazito yanayotetemeka, ikazama katika matundu na kutulia. Alipoisawazisha kwa tupa, juu ya chuma cha kijivu yalibaki madoa matatu ya duara, mekundu kama ndimi za paka.

Baba aliporudi alipitisha vidole. Akasimama kwenye doa la kwanza. "Shaba hii imetoka wapi?"

Ya Seba alikuwa tayari anafunga vitu vyake. "Patron, uko Katanga na unauliza shaba inatoka wapi? Hapa hata ukichimba choo unakutana nayo."

Baba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na nilijua kwamba Ya Seba alidhani Baba anatania na kwamba Baba alidhani Ya Seba anatania, na mimi peke yangu katikati ndiye niliyejua. Kesho yake madoa yalifunikwa kwa rangi ya kwanza, kisha kwa rangi ya maziwa, tabaka baada ya tabaka, na bampa likalala juu ya pua ya gari kana kwamba limezaliwa nalo. Vidole viwili havikupita kati yake na mwili wa gari. Hakuna mtu angeweza kukaa pale tena. Jua la saa nne lilipita juu yake kutoka taa hadi taa bila kukwama popote, na nakiri kwamba gari lilikuwa zuri, na kwamba uzuri ule uliniuma.

Mwisho wa kiangazi, majakaranda ya mjini yalipoanza kuvaa zambarau, Kambo alifika kwa treni. Kambo ndivyo tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama wa mama yangu. Alikuja na binti yake mkubwa, Mama Mukubwa, na kuku wawili waliofungwa miguu, na dumu la mawese. Kwa desturi yetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawaketi chumba kimoja, wala hawasemezani. Neno lao hubebwa na mtoto. Kwa hiyo Kambo alikaa ndani ya nyumba, Baba akakaa juu ya pipa la rangi chini ya kichuguu, akiwa na nywele na ndevu za miezi mingi, maana aliyefiwa na mke hanyolewi mpaka watu wa mke wamtoe kilio. Katikati yao zilikuwa hatua kama ishirini, na gari. Mbebaji nilikuwa mimi. Tangu mdogo nilisifiwa kwa kazi hiyo, kwa sababu sikuongeza neno wala kupunguza.

Kwanza zilikwenda salamu, kisha pole, kisha habari za treni. Halafu Kambo akaomba kuona vitu vya mwanawe, kama ilivyo haki. Vikaletwa. Akavitazama kimoja kimoja, akanivuta karibu.

"Wende uambie papa yako: sufuria tumeona, bitenge tumeona. Bangili hatuone."

Nikaenda hatua ishirini. Baba akashangaa. "Iko mu bwati. Baangalie mu bwati ya biskuti."

Nikarudi. Bati likafunguliwa. Kitana, kitambulisho. Mama Mukubwa akalipindua juu ya mkeka, akalipiga chini kwa kiganja. Kisha akamtazama mama yake, na sauti yake ikawa laini, jambo lililoniogopesha.

"Mado, uulize papa yako hivi: ile bangili inavaliwa na mukono ya nani sasa?"

Nilielewa. Mume kumvika mwanamke mwingine kitu cha marehemu kabla ya kutolewa kilio ni kumtukana aliyelala na wote waliomzaa. Kama wangeamini hivyo, wangeondoka bila kumnyoa, na mimi ningepanda treni pamoja nao. Mama Mukubwa alikwisha kusema asubuhi ile kwamba mtoto wa kike halelewi kwenye nyumba yenye aibu. Nikaenda hatua ishirini na swali lile, na jibu lake likiwa mdomoni mwangu kama kaa la moto. Nililifikisha swali kama nilivyopewa. Jibu sikulitema.

Baba hakukasirika. Kuku walikwaruza barazani. Alitazama mikono yake, yenye rangi ya maziwa bado kwenye kucha. "Uambie mama," alisema, "hakuna mukono ingine. Sijui bangili iko wapi. Kama haamini, asininyoe. Nitakaa mu kilio mwaka ingine. Na kama anataka kukubeba wewe, akubebe. Lakini ajue sikumusahau mutoto wake."

Nilianza kurudi na maneno hayo. Hatua ya kumi ikanifikisha kwenye gari, na hapo nikashindwa. Nilikuwa nimesimama mbele ya bampa, kichuguu nyuma, mlango wa nyumba mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na neno ambalo halikutumwa na mtu yeyote. Sikujua lipelekwe upande gani. Nikalisema pale pale, kwa sauti, ili lifike kote kuwili.

"Ni mimi. Nilimupatia Ya Seba bangili. Iko ndani ya parshoki."

Kambo alitoka mlangoni akishika ukuta. Baba, kwa heshima, alijigeuza haraka akakaa uso ukitazama kichuguu, mgongo kwetu. Bibi yangu alikuja polepole mpaka kwenye gari. Alitazama chuma kile cheupe, laini, kisicho na alama.

"Wapi?"

Nilikuwa nimepahifadhi kichwani. Nilipima kwa shubiri kutoka ncha ya kushoto, nikaweka kidole. "Hapa. Na hapa. Na hapa." Akaweka kidole chake baada ya changu, kila mahali, kama mtu anayejifunza kuhesabu. Kisha akanyoosha mgongo na kuniuliza, ingawa Baba alisikia kila kitu, maana hatua kumi si mbali: "Muulize papa yako. Mutoto wangu aliniambia alikuwa na kiti hapa, mbele ya gari. Alisema ni kiti yake. Kiti iko wapi?"

Nikageuka. "Papa, Kambo anauliza kiti ya mama iko wapi."

Baba alijibu akikiambia kichuguu. "Uambie mama: bantu bote balikuwa banakaa pale. Kila siku muntu mwingine. Sikuweza kuwafukuza, na sikuweza kuwaangalia. Basi nilikifunga."

Nikamgeukia Kambo kumfikishia, lakini alinizuia kwa kiganja. Neno lilikuwa limekwisha kufika. Mama Mukubwa, barazani, alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake mdomoni.

"Nilitaka kukuvalisha ile bangili leo," Kambo aliniambia mwishowe. "Mama yangu alinivalisha, nami nikamuvalisha mama yako. Sikuifuata ili niirudishe kwetu. Ilikuwa ya kwako." Akaushika mkono wangu, akaupima kwa dole gumba na kidole cha kati pale bangili ingekaa. "Sasa mukono yako itabaki wazi. Ni wewe mwenyewe umechagua." Halafu akamwambia binti yake bila kugeuka, "Leta wembe. Nilikuja na kikapu ya kubeba vitu vya mutoto wangu. Gari haingie mu kikapu."

Mama Mukubwa akacheka huku analia. Akaenda kumnyoa Baba, akampaka unga mweupe kipajini na kifuani, ishara kwamba kilio kimekwisha, nywele zikaanguka kwenye udongo mwekundu zikiwa na mvi ambazo sikuwa nimeziona. Mimi nilikaa karibu na tairi. Baba hakuniambia neno juu ya bangili, siku ile wala siku nyingine. Alipita, akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye harufu ya thinner, akaenda kunawa.

Siku ya kuondoka, Kambo alisema atakwenda stesheni kwa gari lile. Watu walishangaa: atapandaje gari linaloendeshwa na mkwe wake? Akatoa kitenge kimoja cha Mama, cha kijani chenye ndege, akaamuru kifungwe kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Baba akaendesha mbele ya kitenge, Kambo na Mama Mukubwa wakakaa nyuma yake, nami mbele kando ya Baba. Tulipita polepole katika mji wa asubuhi, petali za zambarau zikianguka juu ya boneti na kuteleza, kwa kuwa sasa hapakuwa na kitu cha kuzizuia. Nyuma ya kitenge sauti ilisema, "Mado, uambie papa yako apunguze mwendo." Nikasema, "Papa, upunguze mwendo." Baba akapunguza. "Uambie mama kwamba tumekaribia." "Kambo, tumekaribia." Hawakutengana hata kwa urefu wa mkono. Kitambaa kilipumua kati yao, mara huku, mara kule, na mimi nilibeba neno lile safari fupi kuliko zote nilizowahi kubeba.

Baba alifariki mwaka huu, kiangazi kilipoanza. Kambo alitangulia zamani. Siku hizi wakwe hukaa meza moja, hupigiana simu, hutumiana sauti zao moja kwa moja; mume wangu na Mama Mukubwa hutaniana mpaka usiku wa saa tatu, na sioni kosa. Wanangu hawajawahi kubeba neno la mtu hatua ishirini. Kwenye matanga ya Baba, yaliyofanywa kwangu, viti vilikuwa vya plastiki, vya kukodi, na vilipokwisha watu walisimama. Nilimwona kijana mmoja akijaribu kukaa mbele ya gari. Akateleza, akainuka, akatafuta ukuta. Ni yeye pia aliyenishauri nilirudishie bampa lake la zamani, lenye pembe na mpira, kwa sababu sasa wenye kupenda magari hayo wanayataka kama yalivyozaliwa.

Gari liko kwangu, chini ya bati, halijatembea muda. Rangi ya bampa imechakaa kwa miaka ya kuoshwa na kupanguswa, na mahali patatu imeisha kabisa. Shaba imetokea. Imeota kijani pembezoni, katikati bado ni nyekundu. Baba aliishi na gari lile maisha yake yote yaliyobaki, alipaka upya milango, alipaka boneti mara mbili, wala bampa hakuligusa tena kwa rangi. Sikumwuliza sababu, na yeye hakusema.

Jumapili iliyopita, watu wa matanga walipokwisha kuondoka, nilipiga magoti mbele ya gari na kuweka mkono wangu mtupu juu ya doa la katikati. Nilikuwa na neno la kumpelekea Mama kutoka kwa Baba, kwamba hakumsahau, na la kumpelekea Baba kutoka kwangu. Niligonga mara mbili kwa pete ya ndoa, ngo, ngo. Kisha nikasubiri, kama nilivyozoea, katikati.